Alama 69 au 70? Namna ya kumwomba mhadhiri aitazame upya gredi

MATOKEO ya muhula yanapobandikwa kwenye ubao wa idara au kuwekwa kwenye tovuti ya chuo, hakuna alama inayouma kama ile iliyokwama mlangoni. Mwanafunzi aliyepata 52 anajua alipo, na aliyepata 81 hali kadhalika. Lakini aliyepata 69 ilhali gredi ya A huanzia 70, au 39 ilhali alama ya kufaulu ni 40, hubaki akijiuliza iwapo aliteleza yeye au iliteleza kalamu ya mtahini.

Je, anaweza kumwendea mhadhiri au profesa wake na kumwomba aitazame upya gredi hiyo? Naam, anaweza, na si utovu wa adabu kufanya hivyo. Hata hivyo, hatima ya ombi lake hutegemea hoja anayoibeba. Ombi linaloonyesha kosa kwenye karatasi humpa mhadhiri kitu cha kusahihisha. Ombi linaloeleza shida za mwombaji, hata zikiwa za kweli kiasi gani, humwachia huruma pekee, na kanuni za mitihani hazimruhusu kutoa alama kwa huruma.

Mipaka ya gredi

Katika vyuo vikuu vingi nchini Kenya, alama 70 na zaidi ni A, 60 hadi 69 ni B, 50 hadi 59 ni C, 40 hadi 49 ni D, na chini ya hapo mwanafunzi huwa ameanguka. Baadhi ya kozi, kama vile za udaktari, huweka alama ya kufaulu kuwa 50. Mipaka hiyo hiyo ndiyo hutumiwa kupanga madaraja ya shahada: daraja la kwanza, daraja la pili ngazi ya juu, daraja la pili ngazi ya chini na kufaulu tu.

Mfumo huu una asili yake Uingereza. Kabla ya 1963, wanafunzi wa Makerere walikuwa wakitunukiwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Kisha vyuo vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vikaungana chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki hadi 1970, kila kimoja kilipokuwa chuo kikuu kamili. Madaraja ya shahada yalirithiwa, na pamoja nayo desturi ya kumwita mtahini wa nje kutoka chuo kingine ili akague mitihani.

Mipaka hii ina uzito maishani. Ufadhili mwingi wa masomo ya uzamili humtaka mwombaji awe na angalau daraja la pili ngazi ya juu. Naye aliyepata 39 hulazimika kuketi mtihani wa marudio, na katika vyuo vingi, hata akipata 75 katika mtihani huo, hati yake ya matokeo huandikwa 40. Wakati mwingine marudio hayo humchelewesha kufuzu kwa mwaka mzima, huku karo na kodi ya chumba zikiendelea kumkodolea macho mzazi.

Safari ya alama

Mwanafunzi anayetaka kuomba sharti kwanza aelewe njia ambayo alama hupitia. Kwa kawaida majaribio ya muhula, maarufu kama CAT, huchangia alama 30 kati ya 100, na mtihani wa mwisho huchangia 70. Uwiano huu hubadilika katika masomo yenye kazi nyingi za maabara, warsha au mazoezi ya nyanjani.

Mhadhiri akishasahihisha, huwasilisha alama kwa mwenyekiti wa idara. Bodi ya watahini ya idara huzijadili, mtahini wa nje hukagua sampuli ya karatasi, bodi ya kitivo hupitisha orodha, na hatimaye Seneti huidhinisha. Matokeo yanayobandikwa kabla ya uamuzi wa Seneti huitwa ya muda, na neno hilo lina maana yake.

Alama ikiwa bado mikononi mwa mhadhiri, kosa laweza kurekebishwa kwa kalamu na sahihi. Ikishafika idarani, marekebisho huhitaji maelezo ya maandishi na idhini ya mwenyekiti. Ikishaidhinishwa na Seneti, mhadhiri hana tena uwezo wa kuibadilisha peke yake hata akitaka. Hivyo, mwanafunzi anayekuja miezi minne baadaye huenda akamkuta mhadhiri mwenye nia njema lakini aliyefungwa mikono. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Aina tatu za maombi

Maombi ya gredi kuangaliwa upya ni ya aina tatu, na ni muhimu mwanafunzi ajue lake liko wapi.

Aina ya kwanza ni kosa la hesabu au la kumbukumbu. Jumla haikujumlishwa vyema, ukurasa mmoja wa kijitabu cha majibu haukusahihishwa, alama za jaribio la pili hazikuingizwa, au alama za mtu zimewekwa kwenye nambari ya usajili ya mwenzake. Hapa hakuna hisani inayoombwa. Ni haki ya mwanafunzi kuandikiwa alama aliyopata, na ni wajibu wa mhadhiri kurekebisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inampa mtu haki ya kutaka taarifa zisizo sahihi zinazomhusu zirekebishwe.

Aina ya pili ni tofauti ya uamuzi. Mwanafunzi anaamini kwamba insha yake ilistahili 15 kati ya 20, naye mhadhiri alimpa 13. Hakuna aliyekosea hesabu. Wanatofautiana kuhusu thamani ya jibu. Ombi la aina hii lina nafasi endapo tu linaweza kuonyesha kwamba jibu lilitimiza jambo lililotakiwa na swali, ambalo msahihishaji hakulihesabu.

Aina ya tatu ni ombi la huruma: "Nimebakisha alama moja tu", "Nilifiwa", "Bila B nitapoteza ufadhili." Kwa mtu aliyeugua au kufiwa wakati wa mtihani, vyuo vina utaratibu mwingine, ambao ni kuomba mtihani maalumu. Ombi hilo huambatanishwa na cheti cha hospitali au barua ya chifu, na huwasilishwa kabla ya mtihani au mara tu baada yake. Mwanafunzi akisubiri hadi aone alama ndipo ataje msiba, huwa amepoteza njia iliyo halali na kubakiwa na ile isiyokuwapo.

Kwa nini mhadhiri husita

Wanafunzi wengi huchukulia kusita kwa mhadhiri kuwa ni ukaidi. Yapo majivuno katika taaluma kama zilivyo kazi nyingine, lakini kuna sababu nzito zaidi.

Mnamo 1912 na 1913, watafiti wawili wa Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, walisambaza nakala za karatasi zile zile za mtihani kwa walimu wa shule nyingi za upili, na kila mwalimu akasahihisha peke yake. Alama za karatasi za Kiingereza zilipishana sana. Wengi walidhani hisabati ingekuwa tofauti, lakini karatasi moja ya jometri ilipewa chini ya alama 30 na baadhi ya walimu na zaidi ya 90 na wengine. Tangu hapo, miongozo ya kusahihisha na watahini wa nje vimesaidia kupunguza tofauti hizo, lakini havikuziondoa.

Matokeo hayo humpa mwanafunzi wa 69 sababu ya kushuku, kwani yamkini mtahini mwingine angempa 71. Lakini huenda mwingine angempa 66. Tena, kwa mantiki hiyo hiyo, aliyepata 70 huenda alistahili 68, wala hakuna anayemwendea mhadhiri kuomba apunguziwe.

Pili, kuna wale wasiosema. Katika darasa la wanafunzi 200, huenda watano au sita wamepata 69. Akija mmoja na kuongezwa alama kwa sababu alikuja, mhadhiri amewaadhibu wengine kwa unyamavu wao, pengine kwa haya au kwa kuishi mbali na chuo. Mhadhiri mwadilifu akigundua kwamba swali fulani lilisahihishwa visivyo, hurudia swali hilo kwa darasa zima. Kwa hiyo, hoja inayoweza kuwafaa wote walioathiriwa ina nguvu kuliko ile inayomfaa mwombaji peke yake.

Tatu, mpaka hauhamishiki. Mhadhiri akikubali kwamba 69 ni 70, mwenye 68 atauliza kwa nini naye asifikiriwe, kwani amebakisha moja tu kutoka ule mpaka mpya.

Kupiga hesabu kwanza

Kabla ya kubisha mlango wa mtu yeyote, mwanafunzi hana budi kupima iwapo alama anayoitafuta itabadilisha chochote. Gredi ya somo moja na daraja la shahada ni vitu viwili tofauti. Daraja hutokana na wastani wa masomo yote yanayohesabiwa.

Tuchukulie shahada yenye masomo 40 yenye uzito sawa. Alama moja ikiongezwa katika somo moja, wastani hupanda kwa 0.025 tu. Mwenye wastani wa 69.9 anahitaji jumla ya alama nne ili afike 70, na mwenye 59.4 anahitaji alama 24 ili afike 60. Alama 24 haziwezi kupatikana kwa kuomba somo moja litazamwe. Baadhi ya vyuo pia vina kanuni kuhusu desimali, kwa mfano iwapo 69.5 huhesabiwa kuwa 70, na kanuni hiyo imo katika kijitabu cha kanuni za mitihani. Kuisoma ni bora kuliko kuuliza vyumbani.

Hatua ya pili ni kukusanya ushahidi. Kwa kawaida vijitabu vya mtihani wa mwisho havirudishwi kwa wanafunzi, lakini majaribio na kazi za muhula hurudishwa. Hapo ndipo makosa mengi yanapoweza kuthibitishwa, na ndiyo maana karatasi hizo hazifai kufungiwa maandazi. Mwanafunzi azihifadhi hadi Seneti itakapoidhinisha matokeo, pamoja na nakala ya maelezo ya somo yanayoonyesha uzito wa kila kazi. Ajumlishe alama za kila swali, alinganishe na jumla iliyoandikwa kwenye jalada, kisha aone iwapo alama hizo ndizo zilizoingizwa kwenye orodha. Haba na haba hujaza kibaba, na alama moja au mbili zilizosahaulika kwenye jaribio zaweza kuwa ndizo zilizokosekana mwishoni.

Ujumbe wenyewe

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi, uandikwe kwa heshima, na utumwe kwa barua pepe ya chuo au upelekwe ofisini. Ujumbe wa simu usiku wa manane, au kumvizia mhadhiri kwenye maegesho ya magari, huharibu jambo kabla halijaanza. Mwandishi amtaje mhadhiri kwa cheo chake: Profesa, Daktari, au Mwalimu kwa asiye na cheo hicho. Ataje jina la somo, nambari yake ya usajili, alama aliyopewa, na hasa mahali anapodhani pana kosa. Mathalan:

"Kwako Profesa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika somo lako la takwimu, na nambari yangu ya usajili ni hiyo hapo juu. Matokeo ya muda yanaonyesha kwamba nimepata 69. Nimezipitia karatasi ulizoturudishia, na katika jaribio la pili nimeona kuwa alama za maswali manne ni 5, 4, 6 na 5, ambazo jumla yake ni 20, lakini kwenye jalada imeandikwa 17. Naomba kwa heshima uniruhusu niilete karatasi hiyo ofisini katika saa zako za kuwaona wanafunzi ili uithibitishe. Iwapo nimekosea mimi, nitashukuru kuelezwa. Ahsante."

Ujumbe huo hautaji A, ufadhili wala machozi ya mzazi. Kama majaribio yalikuwa mawili, kila moja likiwa na alama 30 na wastani wake ndio uliochukuliwa, kosa hilo la alama tatu litaongeza 1.5 kwenye jumla, na 69 itakuwa 70.5. Mhadhiri hahitaji kuambiwa hayo. Akifungua karatasi atayaona.

Kwa ombi linalohusu uamuzi, mwanafunzi ataje swali, anukuu sehemu ya jibu lake na aonyeshe inavyohusiana na kile kilichofundishwa au kusomwa. Kuuliza "Ni nini kilichokosekana katika jibu langu la swali la tatu?" huzaa mazungumzo, ilhali "Kwa nini ulinipa alama chache?" huzaa ubishi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Akikubaliwa kuonana na mhadhiri, aende kwa wakati, peke yake na akiwa na karatasi zake. Kulinganisha kijitabu chake na cha rafiki aliyepata zaidi ni hatari, kwa kuwa huenda mhadhiri akagundua kwamba aliyekosewa ni yule wa juu, na hapo urafiki ukaingia dosari.

Mhadhiri akikataa

Iwapo jibu ni la kukataa na mwanafunzi bado anaamini ana hoja, ngazi inayofuata ni mwenyekiti wa idara, kisha mkuu wa kitivo au msajili anayehusika na masuala ya masomo. Vyuo vingi huruhusu kijitabu kisahihishwe upya na mtahini mwingine baada ya mwanafunzi kuandika barua na kulipa ada katika muda uliowekwa. Tarehe ya mwisho na kiwango cha ada hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, nayo hupatikana katika kanuni za mitihani.

Kabla ya kulipa, mwanafunzi akumbuke kwamba kusahihisha upya si kuongeza. Mtahini wa pili anaweza kutoa alama za chini, na huenda hizo ndizo zitakazosimama. Kwa mwenye 39 ambaye tayari ameanguka, hasara hiyo ni ndogo. Lakini aliye na 61 anayetafuta 70 anaweza kurudi na 58.

Sheria nayo ina nafasi yake, ingawa ni finyu kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kiutawala kwa haraka, kwa njia halali na ya haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomwathiri. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 ilifafanua haki hiyo, na inataka njia za ndani za rufaa zikamilishwe kabla ya mtu kwenda mahakamani. Aidha, mwanafunzi ambaye barua zake hazijibiwi au ambaye alama zake zimekosekana bila maelezo anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana pia kama Ofisi ya Ombudsman. Ila mahakama kwa kawaida huchunguza iwapo utaratibu ulifuatwa. Majaji huepuka kuamua iwapo insha ilistahili 13 au 15, kwani kazi hiyo ni ya wanataaluma.

Njia za mkato

Alama ya mpakani ni mahali ambapo walaghai huvua. Wapo wanaojidai kuwa na mtu katika ofisi ya mitihani, na wapo wahadhiri wachache wanaogeuza shida ya mwanafunzi kuwa chambo. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea. Nayo Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inaharamisha udhalimu wa kingono unaofanywa na mtu mwenye mamlaka. Mwanafunzi anayeombwa fedha au mwili kwa ajili ya alama ahifadhi ujumbe wote, asiende kwenye mkutano wa faragha, na apige ripoti kwa mkuu wa wanafunzi, kwa polisi au, kuhusu hongo, kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi.

Ndiyo sababu nyingine ya kuandika ombi kwa njia rasmi na kulijengea juu ya karatasi. Barua iliyoko kwenye faili ya idara humlinda mwanafunzi na pia mhadhiri, kwa kuwa alama ikibadilika, kila mtu anaweza kuona ni kwa nini.

Hatimaye, yapo maombi mengi ambayo jibu lake litabaki 69. Mwanafunzi aliyeonyeshwa mahali alama zilipopotea anaweza kulipokea jibu hilo kwa shukrani fupi na kuuliza angejibuje vyema zaidi. Mhadhiri huyo huyo huenda akamfundisha tena muhula ujao, akamsimamia katika mradi wake wa mwaka wa nne, au akaandika barua ya kumpendekeza anapotafuta nafasi ya uzamili.